Duara haisemi serveri ilianza kuchoka saa ngapi

Bwana mhariri,

Salamu kutoka Bukavu. Naomba nafasi kidogo juu ya jambo naliona mu mabiro mengi ya hapa kwetu na linaniuma kweli, juu linakula muda wa watu: skrini kubwa ku ukuta ya kuonyesha hali ya serveri (ile ordinateri kubwa inayohudumia zingine zote), imejaa maduara ya rangi na masindano kama ya ku tablo ya gari, halafu siku watu wa gishe, pale dirisha la wateja, wanalalamika ordinateri zinaenda polepole, hakuna mtu anaweza kusema ilianza saa ngapi.

Sindano inaonyesha sasa hivi tu. Prosesa, ubongo wa ordinateri, iko asilimia 90, sawa, na jana saa kama hii ilikuwa ngapi? Duara nayo ni ya kugawa kitu kizima, mfano diski, hapa imejaa mapicha, hapa mabakapu (nakala za akiba), kazi hiyo inaiweza. Lakini kitu kinachopanda na kushuka siku nzima kinataka mstari, saa zikienda kushoto kwenda kulia, na hiyo si mambo ya juzi, William Playfair wa Scotland alichora biashara ya Uingereza hivyo tangu 1786, na duara ni yeye huyohuyo aliichapisha 1801.

Sasa mstari nao unaweza kudanganya, hasa huku kwetu kwa delestaji, ule mgao wa umeme. Umeme unakatika saa mbili usiku, unarudi saa tano, lakini programu ya kuchora grafu inaunganisha nukta ya mwisho kabla ya kukatika na ya kwanza baada ya kurudi, unaona mstari umenyooka vizuri utafikiri serveri ilikuwa inafanya kazi! Zingine zinaweka sifuri, shefu anafikiri kazi haikuwepo. Hapana, pengo liachwe wazi, pengo lenyewe ni habari.

Halafu wastani. Tuseme watu 100 wamefungua faili, 95 wamengoja sekunde 1, 5 wamengoja sekunde 20. Wastani haifiki hata sekunde 2, grafu inapendeza, na wale watano wako gishe wanatukana. Ndiyo maana nasema pembeni ya wastani mchore mstari wa pili, ule wa muda ambao watu 99 kati ya 100 wanakuwa wameshahudumiwa, hapo ile 20 inatokea wazi. Na maserveri tofauti msiyapandanishe matabaka mu grafu moja, ya chini ikipanda inainua zote za juu na mtu anaona zote zimechoka. Matabaka ni ya kitu kama memori ya serveri moja, vipande vya jumla moja.

Kingine, wenye ofisi Kinshasa na huku: Kinshasa ikiwa saa mbili asubuhi sisi tuko saa tatu. Mkilinganisha grafu za pande zote mbili bila kuandika ni saa ya wapi, kosa la huku la saa tatu mtalitafuta mu rekodi za Kinshasa za saa tatu, wakati kule ilikuwa saa mbili. Naomba vijana wa informatiki waandike hiyo ku kila grafu, hata kwa herufi ndogo chini.

Msomaji wenu, Bukavu