Barua kwa mwanangu anayekwenda Mpeketoni, Lamu

Mwanangu Athumani,

Asalaam aleikum. Meseji yako nimeiona, kumbe tiketi ushakata na basi ni alfajiri ya Jumapili, mimi mamako ndio naambiwa mwisho na vijana wa bodaboda hapo steji washajua zamani. Haya. Sikuandikii kukukataza, kazi ya kaunti si kitu cha kutupa, na hapa Likoni hakuna jirani ambaye sijamwambia kuwa mwanangu ni afisa wa kilimo anakwenda kuwaelekeza watu pamba na korosho. Lakini kuna jambo moja nataka ulishike hata kama mengine yote utayasahau. Usiku usiende kuangalia mpira.

Usicheke. Ulikuwa darasa la saba, ulikuwa unajua, lakini sidhani ulielewa. Tarehe 15 Juni 2014 ilikuwa Jumapili, Kombe la Dunia linachezwa Brazil, na pale Mpeketoni watu wamejaa kwenye mahoteli na vibanda vya video wanaangalia mechi kama wewe na wenzako mnavojaa hapo kwa Kassim. Wale wavamizi wakaingia na matatu walizoteka, wakapiga kituo cha polisi kwanza, halafu wakafuata wanaume pale pale walipokusanyika. Hawakuhangaika kuwatafuta, Athumani, waliwakuta wamekaa pamoja na macho yote yako kwa TV. Kisha nyumba kwa nyumba, wanauliza watu dini, wanawake wanawaacha na waume zao wanauliwa wao wakiona. Usiku wa pili wakarudi tena, wakaingia Poromoko na vijiji vya hapo karibu, taarifa ishaenea nchi nzima, serikali ishajua, na bado wakarudi. Waliouawa walipita 60. Watu walilala msituni na watoto wachanga.

Na usinambie hio ni zamani. Julai 2017 walichinja wanaume huko Jima na Poromoko. Januari 2022 Widho, watu sita. Juni 2023 vijiji vya Juhudi na Salama, watano, na nyumba zikachomwa. Wote ni wakulima, watu wa jembe na mahindi. Angalia saa walizokuja, karibu kila mara giza lishaingia. Ndio nasema mpira wa usiku hapana, simu yako kubwa inashika mechi, angalia chumbani mlango una komeo na sauti umepunguza. Bando nitakununulia mimi.

Al-Shabaab, wale wapiganaji wa Somalia, wenyewe walisema ile ya 2014 ni yao, wanalipiza jeshi letu kuingia Somalia 2011. Rais akasema ni mtandao wa siasa za hapa hapa. Mpaka leo watu wanabishana, lakini mimi namfikiria yule mzee aliyepewa shamba pale Mpeketoni kwenye skimu ya makazi ya Ziwa Kenyatta miaka ya sabini, akafyeka pori kwa mikono yake, yeye alimtuma askari gani aende wapi? Utaskia maneno ya ardhi ukifika. Wabajuni na Waboni watakwambia wao ndio wenyeji na hati hawana, na kuna dhulma kweli hapo siwezi kuikana. Hao waliotoka bara nao watakwambia wazee wao wamezikwa hapo na watoto wamezaliwa hapo. Skiza wote, wafanyie kazi wote, na mtu akianza kukwambia waliouliwa walistahili kwa sababu ya shamba, inuka uondoke. Mimi nimelisema hili kwa watu wazima wenzangu na nitalisema tena.

Kuna hili la jina. Najua unajiambia mimi muislamu mimi hawanigusi. Mwanangu, risasi ikishatoka haiulizi shahada, na uislamu wa hao watu mimi siujui, sikukulea nao. Na jina lilo hilo litakuletea mambo kwa upande mwingine, kijana wa Likoni na ndevu zako umeenda kupanga chumba kwa watu waliozika baba zao, watakuangalia vibaya mwanzo. Usiwakasirikie. Unakumbuka Machi mwaka huo huo wa 2014 kanisa lilivamiwa hapa kwetu, watu sita wakafa, na baadae kila kijana mwenye kofia akawa mshukiwa. Ya ami yako unayajua sirudii. Kwa hivo siku ya kwanza kabla hujafungua hata begi, nenda kwa chifu, nenda kwa mzee wa nyumba kumi, jitambulishe, kitambulisho na barua ya kazi vikae mfukoni kila siku. Kwenye kizuizi cha barabarani usibishane na askari, hata akikosea yeye.

Basi likipita njia ile ya msituni ni liwe na polisi wa kusindikiza, lile lililovamiwa Nyongoro Januari 2020 bado naliota. Ukiona hakuna askari shuka mjini kabla ya msitu, ulale hapo, kazi itakungoja.

Wakulima watakupenda maana una maneno mazuri, hilo umelirithi kwa babako, na watakwambia afisa njoo tulale kwenye dungu uone nguruwe wanavotumaliza. Nenda mchana. Uharibifu wa nguruwe utauona hata saa nne asubuhi. Na wanawake wanaokata kuni wakisema wameona watu wasiowajua porini, usiwaambie ni uoga wao, piga ripoti saa hio hio na usilale hapo. Jua likizama nipigie, netiwaki ikisumbua beep tu inatosha, mimi nitaelewa. Usiku usitoke, mpira nimeshasema.

Babako hasemi kitu. Yuko barazani na redio yake, anasema ni mimi niliyekukazania kilimo wewe ulipotaka ubaharia. Sijamjibu. Ila viatu vya mpira vya kuingilia matopeni ni yeye amekununulia, viko chini ya kitanda, usijifanye hukuviona kama lile koti.

Kwenye kikapu kuna achari ya embe, kamba wakavu, na unga wa mahamri nimeshachanganya na iliki, wewe ni kutia tui na hamira tu. Dada yako ametia panadol na neti, neti utundike usiifanye pazia. Maji hapa hayajaja tena, tunanunua kwa mkokoteni na bei imepanda, kwa hivo ile pesa ya mabati ya jikoni nimeigusa kidogo, mwisho wa mwezi ukiweza tuma elfu tatu, usipoweza pia sawa, mvua bado. Mbuzi wa bibi amezaa mapacha. Fundi wa choo alikula advansi na simu hapokei, babako anataka kwenda kwake na panga nimemzuia.

Nitumie namba ya huyo mwenye nyumba wako, na ya mkewe pia, wanaume hawapokei simu. Na uniambie hicho chumba kina mlango wa chuma au wa mbao, na dirisha linaangalia wapi.

Mamako, Likoni