Tupeni ramani ya vyumba vya uani

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaotaka vyumba vyote vya uani hapa Dar es Salaam vivunjwe kwa kuwa "vinachafua mji". Mimi ninacho cha kwangu, nimekijenga kwa kibali, na mama yangu mzazi analala humo.

Mama alipopata kiharusi kule kijijini, nyumba yangu haikuwa na pa kumweka. Choo kilikuwa mwisho wa korido, juu ya ngazi mbili, na kiti chake cha magurudumu hakipiti mlangoni. Nikaamua kumjengea uani chumba kimoja chenye choo chake ndani. Fundi alitaka kuinua kizingiti ili maji ya mvua yasiingie, kama walivyozoea. Nikamwambia ainue sakafu yote ya chumba, kisha amwage mteremko mrefu wa zege kutoka mlangoni hadi kwenye korido ya nyumba kubwa, na mlango uwe mpana kiasi cha kiti kupita bila kukwaruza vidole vya anayesukuma. Pembeni ya choo tulichimbia bomba la chuma ukutani, ashikilie kwa mkono wa kulia ulio mzima. Leo anakwenda msalani bila kuniita.

Chumba kama hicho hakina uadui na mji. Nyumba zetu za Kiswahili tangu zamani zina korido katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani penye jiko, stoo, choo na bafu. Uani ndipo familia ilipopanukia kijana alipooa au mgeni wa kudumu alipokuja. Hata miaka ya 1970, Serikali ilipopima viwanja Sinza na Kijitonyama kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watu waliachiwa wajenge wenyewe kidogo kidogo kadiri mfuko ulivyoruhusu, na wengi wakasogea hadi nyuma ya kiwanja. Watoe wapangaji wote wa uani leo, muuguzi anayeanza kazi na kijana wa bodaboda watakwenda kulala mbali, Chanika au Kibaha, na nauli itakula mshahara wao.

Kinachoniumiza mimi ni choo. Nimefanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote, na nilikuwa bado kazini kipindupindu kilipoanza hapa jijini Agosti 2015 kabla ya kuenea mikoani. Katika mtaa wetu yupo mwenye nyumba aliyepanga vyumba vya uani mstari mmoja, ukuta kwa ukuta, juu kabisa ya shimo la maji taka. Mfuniko uko chini ya sakafu ya mpangaji. Gari la kunyonya haliwezi kuingia, kwa sababu ule upenyo wa kupitisha mpira nao umezibwa kwa chumba. Basi masika yakichanganya, usiku watu wanatapisha choo, yaani wanafungulia shimo liondoke na mvua, maji yanashuka na mtaro hadi mbele ya genge la mboga. Asubuhi watoto wa shule wanayaruka. Nimelisema hili kwenye kikao cha mtaa, nikajibiwa kwamba kila mtu ana kiwanja chake. Kiwanja ni chake, sawa, lakini kinyesi hakikai kwake!

Sasa kwa nini huyo hakuomba kibali? Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inakitaka, na sitetei kuivunja. Ila nilipofuatilia changu, niliambiwa nilete kwa chumba kimoja makaratasi yale yale anayoleta mtu wa ghorofa. Fedha ya kuchoresha ramani na nauli za kwenda na kurudi ilizidi bei ya bati zote nilizoezekea. Mimi nilikuwa na kiinua mgongo. Asiye nacho anamwita fundi Ijumaa jioni, na Jumatatu ukuta umefika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha.

Pesa ya vyumba hivi Serikali inaipata bila shida. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mara nyingi anayekatwa ni mpangaji aliyenunua umeme, ingawa deni ni la mwenye nyumba. Kama makato yanafika hadi uani, mkaguzi naye afike.

Naziomba halmashauri zote za jiji zichore ramani za mfano: chumba kimoja na choo, vyumba viwili na choo. Zibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, mtu achukue inayomfaa kwa ada ndogo. Mkaguzi aje msingi ukichimbwa, kabla zege halijamwagwa, apime shimo liko wapi, mfuniko unafunguka, mpira wa gari unapita, na chumba cha nyuma kina dirisha linalotazama hewa na si ukuta wa jirani. Arudi kuta zikifika kwenye lenta. Akikuta mfuniko umejengewa, asimamishe kazi siku hiyo hiyo, wakati bado ni tofali chache za kubomoa na hakuna familia iliyokwisha kuhamia.

Na kwa ambao wameshajenga juu ya mashimo, wapewe muda wa kuhamisha shimo kabla ya masika yajayo. Wenyeviti wa mitaa wanawafahamu kwa majina.

Muuguzi mstaafu,
Dar es Salaam