Risala ya vijana wa mtaa kwa mgeni rasmi, fainali ya mbuzi, Tanga: Coastal, matuta na goli letu la kamba

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, mama zetu, viongozi wa timu 16 tulizoanza nazo na hizi 2 zilizobaki, marefa, na nyie wote mliojipanga pembeni mpaka laini haionekani. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa vijana wenzangu, mambo vipi.

Kwanza tunakushukuru umekuja mwenyewe. Mwaka jana tulimwalika mgeni rasmi akamtuma mwakilishi, mwakilishi nae akatuma salamu, salamu zikasomwa kwenye spika iliyokuwa inakoroma, basi ikawa hivyo. Kwahiyo leo kukuona umekaa hapa kwenye kiti cha plastiki kama sisi, na umefika kabla ya wachezaji, tumefarijika sana.

Mheshimiwa, sisi ni vijana wa mtaa huu, bodaboda wapo, mafundi wapo, wavuvi wapo, wanafunzi wapo, na wasio na kazi pia wapo na ndio wanaowahi mazoezini. Hatuna ofisi, vikao tunafanyia kwa fundi cherehani pale chini ya mwembe, na huyo fundi ndiye mwalimu wetu wa makipa, utamsikia tena mbele kwenye risala hii. Hatutakuchosha na historia ndefu ya kikundi. Tunachotaka ujue ni kwanini mashindano haya tunacheza kwa mtoano na sio kwa ligi, maana kila mwaka kuna mtu anauliza kwanini tusicheze ligi kila timu icheze mechi nyingi. Jibu ni Coastal Union, timu yetu ya Tanga.

Msimu wa 2021/22, Kombe la Shirikisho, lile lililokuwa linaitwa Azam Sports Federation Cup, watu wa Tanga mnalikumbuka hata kama hamtaki kulikumbuka. Mwaka ule Yanga ilikuwa haishikiki, wamecheza mechi 30 za ligi hawajafungwa hata 1, pointi 74, ubingwa wameuchukua baada ya kuukosa miaka minne. Sisi huku Coastal kwenye ligi tulikuwa kawaida tu, leo unashinda kesho unatoa macho. Lakini kombe la mtoano halikuulizi una pointi ngapi, linakuuliza leo umeamkaje.

Nusu fainali Yanga akamtoa Simba 1-0 pale CCM Kirumba Mwanza, goli la Feisal, Jumamosi ya tarehe 28 Mei. Kesho yake Wagosi wa Kaya, yaani Coastal, wakawa Arusha na Azam, dakika zikaisha hakuna mbabe, wakaenda kwenye matuta, yaani penati za kumaliza ubishi, Coastal akapita. Naomba mheshimiwa ulishike hilo, kwamba tulipita kwa matuta, kwasababu ndilo lililotudanganya. Mtaa mzima uliamini sisi ni watu wa matuta.

Fainali ikawa tarehe 2 Julai 2022, Sheikh Amri Abeid, Arusha hapo hapo. Wenye uwezo walichangishana wakakodi Kosta wakapita Segera, Korogwe, Same, Moshi, wakafika na sauti zimekauka kabla mpira haujaanza. Sisi tusio na nauli tulibaki kwenye kibanda umiza, mia tano kichwa, benchi la watu sita tumekaa kumi na moja, nje yupo mama wa mihogo na chachandu anauliza kila dakika "ngapi ngapi?" na hakuna anayemjibu vizuri.

Sopu akafunga. Abdul Suleiman, Sopu, dakika za mwanzoni kabisa. Mheshimiwa kile kibanda kilipanda juu kikashuka. Kipindi cha pili Feisal akasawazisha, halafu Makambo akaongeza la pili, tukanyamaza, kuna mzee mmoja akachukua kofia yake akatoka akasema anaenda kuswali, na muda wa swala bado. Zimebaki dakika chache mpira uishe Sopu huyo tena, 2-2! Mzee akarudi mbio hajaswali. Dakika za nyongeza Sopu akatia la tatu. Hatitriki, kwenye fainali, dhidi ya timu ambayo ligi nzima haikuifunga. Mimi niliyesimama mbele yako niliikumbatia nguzo ya kibanda mpaka mwenye kibanda akanisihi niiachie kwasababu paa lilikuwa linahama.

Halafu Denis Nkane akasawazisha, ilibaki kidogo tu mpira uishe. 3-3. Tukasema haya, matuta, si ndio yetu haya? Yanga 4, Coastal 1. Ilikuwa haraka mno, mama wa mihogo alikuwa bado anauliza ngapi ngapi.

Sopu alifunga magoli matatu kwenye fainali na hakubeba kombe, na msimu uliofuata akawa mchezaji wa Azam, hao hao tuliowatoa nusu fainali. Kocha wetu Juma Mgunda nae Septemba ya mwaka huo huo akachukuliwa na Simba. Hatuna kinyongo, ni riziki zao, ila wadau wa mikoani mnaelewa, ukitamba siku moja wakubwa wanakuja na gari kupakia. Na tiketi ya kwenda Afrika tuliikosa jioni ile ile, walioenda Shirikisho Afrika ni Azam na Geita Gold kwa nafasi zao za kwenye ligi. Tulikuja kwenda sisi baadae sana, baada ya kushika nafasi ya nne msimu wa 2023/24, tukatolewa na Bravos do Maquis wa Angola, hayo tuyaache.

Wana Kimanumanu mliopo hapa mnaocheka, tunawaona. African Sports, timu yenu ya hapa hapa Tanga, ni ndugu zetu, leo ni siku ya wote.

Sasa mheshimiwa usije ukadhani ni sisi tu. Tangu kombe hili lirudi msimu wa 2015/16 timu za mikoani zimekuwa zikifika mlangoni na kugeuzwa. Mbao ya Mwanza 2017 walimtoa Yanga nusu fainali, wakaenda Dodoma wakakomaa na Simba mpaka dakika 120, wakalala 2-1, na goli la mwisho lilikuwa penati. Lipuli ya Iringa 2019 pale Lindi wakafungwa 1-0 na Azam. Namungo 2020 Sumbawanga, 2-1 na Simba. Aliyefanikiwa ni Mtibwa Sugar peke yake, 2018, aliyemfunga Singida United 3-2, nayo ilikuwa Arusha uwanja ule ule. Wengine wote waliobeba wamerudi nalo Dar. Ila angalia majina hayo, Mbao, Lipuli, Namungo, Singida, kwenye ligi wangekaa lini meza moja na wakubwa wanagombea kombe? Ndio maana sisi tunacheza mtoano. Timu ya kule mwisho wa mtaa yenye wachezaji 12 na jezi za rangi mbili imefika fainali ya leo, kwenye ligi isingefika, tungeshaizoea kuifunga.

Sasa tunakuja kwenye jambo letu.

Usiku ule baada ya Arusha tulikaa kwa fundi chini ya mwembe tunalaumiana kama vile sisi ndio tuliopiga. Mmoja akasema penati ni bahati. Fundi akakata uzi kwa meno akasema bahati gani, nyie mmewahi kufanya mazoezi ya penati? Tukasema kila siku tunapiga. Akauliza mnapiga kutoka umbali gani? Kimya. Kila mtu alikuwa anahesabu hatua zake 12, na hatua za bodaboda wetu mrefu sio sawa na hatua za kipa wetu ambae tunamwita Kitonge.

Asubuhi yake fundi akaja uwanjani na futi kamba yake ya kupimia suruali, ile ya mita moja na nusu, akaanza kupima kwa vipande kutoka kwenye goli, anaweka kidole, anavuta, anaweka kidole, sisi tumemzunguka kama watu wanaoangalia nyoka. Penati inatakiwa iwe mita 11. Yetu ilikuwa mita 9 na kidogo. Mheshimiwa, miaka yote tulikuwa mabingwa wa penati ya mita 9! Akapima na goli. Upana unatakiwa mita 7.32, letu lilikuwa limepungua karibu hatua nzima, kwasababu mrunda mmoja ulioza tukauchimbia mwingine palipokuwa na udongo laini.

Na juu ndio kabisa. Goli hili unaloliona mbele yako halina mtambaa wa panya. Juu tumefunga kamba. Kamba ya manila, wavuvi wetu walitupa. Tatizo la kamba ni kwamba mpira ukiipiga haurudi, kamba inacheza tu, sasa mpigaji anaapa umepita chini, kipa anaapa umepita juu, refa anaangalia nani ana ndugu wengi pembeni. Na kamba yenyewe inalegea, ikinyesha asubuhi inashuka katikati kama kamba ya kuanikia nguo, ukiwa mrefu unaigusa na kichwa. Robo fainali ya mwaka huu mechi ilisimama dakika 40 kwa ajili ya kamba hii, na ukweli ni kwamba mpaka leo hatujui lile lilikuwa goli au sio goli. Timu iliyotolewa siku ile wapo hapa, wamekuja, wamekaa upande ule, tunawashukuru kwa moyo huo na tunaomba wasiondoke kabla ya pilau.

Nukta ya penati nayo tunachora kwa majivu kwasababu chokaa hatuna, upepo wa bahari ukija jioni nukta inahama.

Kwahiyo maombi yetu sio mengi na hatukuombi kombe wala mamilioni. Tunaomba magoli mawili ya chuma, fundi wa kuchomelea tunae hapa hapa na amesema kazi yake ataifanya bure, anachotaka ni mabomba na rangi. Tunaomba nyavu jozi moja, maana nyavu tunazotumia zilikuwa za dagaa na zikitakiwa baharini tunabaki wazi. Tunaomba mifuko kadhaa ya chokaa.

La pili ni zito kidogo na tunalisema taratibu. Pale kona ya kule, karibu na mnazi, mheshimiwa utaona kuna lundo la mawe na mchanga. Hatujui vizuri nani kaleta, kila tukiuliza tunaambiwa tusubiri. Mwaka juzi lilikuwa tripu moja, sasa hivi bendera ya kona tunaichomeka juu ya mchanga wa mtu. Hatumtuhumu yeyote. Tunachoomba ni utusaidie kupata barua yenye muhuri inayosema hapa ni uwanja, tuibandike kwa fundi, maana magoli ya chuma bila uwanja yataishia kuwa kenchi za kuanikia nguo.

Kwa upande wetu tumeshaanza. Kiingilio cha kila timu kilikuwa elfu 30, timu 16, kwahiyo laki 4 na elfu 80. Imetoka humo mbuzi, mipira miwili, posho ya marefa, maji na spika hii ambayo leo haikoromi. Kilichobaki kipo kwa mhazini na daftari lipo wazi, anayetaka kuangalia aangalie, ila asije na daftari lake.

Na mazoezi ya penati sasa ni kila Jumatano, mita 11 za fundi, wachezaji wote, hata beki anayesema hapendi. Kitonge mwaka huu amezuia penati tatu kwenye mashindano haya, moja kwa goti, moja kwa kifua, moja hata yeye hajui kwa kiungo gani.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tumemaliza. Timu zipo tayari, mbuzi yupo pale kwenye mwembe anakula ratiba ya mechi. Kabla ya fainali tunakuomba uinuke uje upige penati ya ufunguzi. Fundi ameshapima, nukta ni ile nyeupe, na kamba tumeikaza asubuhi. Golini atakaa Kitonge na tumemwambia asikuachie.

Imesomwa na katibu, kwa niaba ya vijana wote wa mtaa.