Rejeta zikiziba, gesi haina lawama

Mhariri,

Umeme ukipungua msimu wa joto, watu husema gesi imekwisha. Kituo cha kuzalisha umeme kwa gesi cha Ubungo I, Dar es Salaam, au kile cha manispaa ya Denton, Texas, hutumia injini za pistoni zinazopozwa na rejeta na feni, na lawama mara nyingi ni za vumbi.

Kila injini ina mizunguko miwili ya maji. Ule wa moto, wa nyuzi 90 hivi, hupoza silinda. Ule wa baridi hupoza oili na hewa inayoingia. Mapezi ya rejeta yakiziba, huo wa pili ndio huumia kwanza: hewa huingia na joto, gesi huwaka kabla ya wakati wake, injini hugonga, kompyuta hupunguza mzigo.

Usafishaji wa rejeta hauhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Zima feni na ufunge swichi yake kwa kufuli, acha rejeta ipoe, kisha osha kinyume na mkondo wa hewa, maji yakipiga mapezi wima. Presha iwe ndogo, maana mashine ya kuoshea magari huyakunja, na yakikunjwa ndiyo basi. Usitumie magadi makali, hula alumini ya mapezi.

Kosa baya zaidi ni kuongeza maji ya bomba au ya kisima kwenye mizunguko hiyo ya kupoza inapovuja. Chumvi hutoboa mabomba na dawa ya kuzuia kutu huchujuka. Kloridi, yaani sehemu ya chumvi inayotoboa, isizidi miligramu 80 kwa lita. Pima maji kila wiki, tafuta uvujaji.

Mafundi wa mitambo, Dar es Salaam