Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Selimundu, Tanga, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa dini, walimu, wauguzi na wazazi wenzetu,

Sisi wazazi na walezi wa watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, hapa Tanga tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu leo, tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani. Maumivu ya mifupa na kuongezewa damu yamekwisha kusemwa sana. Tunaomba leo tuseme juu ya kimo cha watoto wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, seli nyekundu ya damu ya mtu asiye na ugonjwa huu huishi siku 120 hivi, ilhali ya mtoto mwenye selimundu huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Mwili wake hushinda na kukesha ukitengeneza damu mpya, moyo nao ukienda mbio, na chakula ambacho kingejenga mifupa na misuli huishia kwenye kazi hiyo. Homa ikija, hamu ya kula nayo hupotea. Ndiyo maana mtoto huweza kudumaa, na kubalehe kwake kuchelewa, hata katika nyumba isiyokosa samaki wala maharage. Maneno ya majirani kwamba mama anamnyima mwanawe chakula yanatuumiza mno, kwa sababu si ya kweli.

Mama mmoja wa Makorora humpima mwanawe kila Idi kwa alama ya mkaa kwenye fremu ya mlango. Nafasi kati ya alama ya mwaka jana na ya mwaka huu haipiti upana wa kidole, na mdogo wake amekwisha kuzipita zote mbili. Kijana huyo ana miaka 14, lakini wageni wakija shuleni hupangwa mstari mmoja na watoto wa darasa la tatu.

Pumu kali na magonjwa ya moyo na figo nayo huweza kumrudisha mtoto nyuma vivyo hivyo.

Kadi ya kliniki huwekwa sandukuni mtoto akitimiza miaka mitano, nasi huona tofauti ya kimo ikizidi baada ya hapo. Kwa hiyo ombi letu kubwa ni mizani na kipimo cha urefu katika kila shule ya msingi, ili aliyesita kukua apelekwe hospitali mapema, maana wengi wakitibiwa vizuri na kula vya kutosha huanza kukua tena. Tunaomba pia walimu wawaruhusu watoto wenye selimundu kunywa maji na kwenda msalani hata kipindi kikiendelea, na wawape majukumu ya umri wao, si ya kimo chao.

Tunaomba kuwasilisha.