Kilo moja ya korosho kwa Kagera

Asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, wazazi na ndugu zetu wa Newala, mlioko nyumbani na mlioko Mbagala.

Tunawaandikia kwa mara ya pili, na safari hii tunaona haya. Sanduku la michango ya Kagera tuliloliweka ofisini kwa mwalimu mkuu tangu wiki ya Idi tumelifungua mbele ya mashahidi. Tumekuta shilingi 64,500, kitenge kimoja na suruali ya mtoto iliyokufa zipu. Suruali tumeiweka stoo, mwenyewe anajijua.

Habari mnayo. Jumamosi ya Septemba 10, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa. Hata Ihungo na Nyakato, shule za miaka mingi, zilibomoka.

Mwalimu wetu wa hisabati ni mtoto wa kule. Mama yake mpaka leo analala migombani, juu yake turubai la kuanikia kahawa, kama haya yetu ya korosho. Nyumba imebaki imesimama lakini haingii: ukuta una ufa unaopitisha mkono, na ardhi ikitikisika tena kidogo tu, vumbi linamwagika. Shule ya jirani imepoteza madarasa mawili. Watoto wanasomea chini ya mti, na vuli ya Bukoba haina simile. Wingu likifunga, kengele inapigwa, watoto wanakimbilia nyumbani, na nyumbani nako ni turubai. Mwalimu hakutuomba kitu. Tulimbana sisi, baada ya kumwona anaomba salari advansi.

Tunataka kuezeka madarasa hayo mawili. Mabati 60 kwa 20,000 ni 1,200,000. Saruji mifuko 40 kwa 18,000 ni 720,000. Mbao na misumari tumekisia 380,000. Jumla 2,300,000.

Kikaoni mzee mmoja aliuliza: mbona darasa letu la sita halina sakafu? Swali la haki, mzee wetu. Lakini sakafu haijamwangukia mtoto.

Na nyinyi si watu wa kufundishwa kutoa. Upepo ulipong'oa paa la darasa la tano, mabati yalifika kabla barua ya kuomba msaada haijapigwa muhuri. Mwezi uliopita tumechangia harusi mbili hapa kijijini, kadi ya chini elfu thelathini, na hakuna aliyesema hali ngumu. Sasa minada ya korosho imeanza na bei mwaka huu kila mtu anaicheka kimoyomoyo. Kila kaya itoe kilo moja ya korosho. Moja. Mwenye uwezo wa gunia Mungu amzidishie.

Korosho zitauzwa kwa jina la shule kupitia chama cha msingi cha ushirika. Kila mchango una risiti, majina yatabandikwa ofisi ya kijiji kila Ijumaa, na fedha zitapita kamati ya maafa ya Kagera. Walioko Mbagala, namba ya mhazini mnayo, ile ile mnayotumia kwenye misiba.

Mizani itakuwa chini ya mwembe wa shule Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi. Njooni na korosho kavu. Zenye mchanga hatupokei, hata za mwenyekiti.

Kamati ya Shule,
Newala, Oktoba 2016