Salamu za Krismasi kutoka Moshi, pamoja na za mwenyeji aliyebaki kihambani

Ndugu zangu mlio njiani, na ninyi mliokwisha kufika, shimboni!

Moshi tumeamka salama. Mvua za vuli zimepungua, joto la mjini limeanza kupanda, na asubuhi na mapema mlima unaonekana wote kabla mawingu hayajaufunika. Soko la Mbuyuni halipitiki. Stendi inapokea mabasi tangu alfajiri hadi usiku, na treni ya Dar es Salaam, ile iliyorejea Desemba 2019 baada ya kusimama kwa miaka mingi, nayo inashusha watu na mabegi yao. Kutoka hapo safari ni ya kupanda: Rombo, Marangu, Kilema, Kibosho, Uru, Machame. Kwa mlio bado barabarani, nawaombea mfike. Ukishaiacha Same na kuiona Mwanga, nyumbani pako karibu, lakini usiongeze mwendo.

Kila Desemba tunatumiana salamu za wazazi, za wajomba na mashangazi, za watoto waliofaulu na waliofunga ndoa. Mwaka huu naomba nafasi katika salamu hizi kwa ajili ya mbwa na paka wa nyumbani. Nalisema hili kwa moyo wote, kwa sababu nimekaa huku mwaka mzima na nimeona ni nani anayeishi na wazee wetu kuanzia Januari hadi Novemba. Sisi tuko Dar, Arusha, Mwanza, Dodoma. Bibi yuko kihambani, kwenye shamba la ukoo lenye nyumba, na ng'ombe wake wawili, migomba yake na mbwa wake. Usiku kitu kikitikisa majani ya kahawa, anayeamka kwanza ni mbwa. Panya wakiingia kwenye mahindi na ulezi, mwenye kazi ni paka. Sisi tunapofika na kukuta nyumba ina uhai, wao wamechangia.

Sasa tazama mambo yanavyokuwa tarehe 23 na 24. Ua uliokuwa kimya unaingia magari matatu. Watoto kumi wasiomjua mbwa, wala yeye hawajui, wanakimbia huku na huku. Spika inafungwa barazani. Na yeye, aliyezoea kufunguliwa jioni na kuzunguka kihamba chote, anafungwa nyuma ya banda la ng'ombe wiki nzima, kwa hofu kwamba atauma wageni. Maji anayakumbuka nani? Mara nyingi hakuna. Kwa upande wake, wageni ni sisi na mwenyeji ni yeye, na mwenyeji hanyang'anywi nyumba yake kwa sababu ya karamu.

Simaanishi aachwe huru kati ya watu. Kumfunga kunaweza kuwa salama zaidi, kwake na kwa watoto. Afungwe penye kivuli kinachodumu hata jua la saa nane, kamba iwe ndefu kiasi cha kumwezesha kulala, kugeuka na kufika kwenye maji, na isiwe karibu na ukuta anaoweza kuurukia akaning'inia. Jioni wageni wakitulia, yule anayemzoea, bibi au kijana wa kazi, amtembeze. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amtunze na asimtese. Lakini naamini mzee yeyote wa kihambani angekuambia hayo hayo bila kutaja sheria.

Wazazi, kaeni na watoto dakika chache siku ya kwanza. Mtoto wa mjini ameona mbwa kwenye katuni, anadhani kila mbwa anataka kukumbatiwa. Mwambieni mbwa anayekula haguswi, aliyelala haamshwi, aliyefungwa hasogelewi, na mwenye watoto haendewi kabisa. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata kama mbwa huyo amekulia hapo nyumbani, kwa maana watoto wengi huumwa na mbwa wanaowafahamu.

Ikitokea ameumwa, hata jeraha likiwa dogo, lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kamili, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Msiseme tutakwenda sikukuu ikiisha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na katika kila watu 100 wanaokipata duniani, kama 99 wamekipata kwa mbwa. Kinga yake ni rahisi sana ukilinganisha na msiba huo: mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, halafu arudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa huo hukosa njia ya kuenea. Ninyi mliokuja na fedha za sikukuu, kabla ya kununua kreti ya mwisho ya soda, muulizeni mama: huyu mbwa amechanjwa lini? Afisa mifugo wa kata anajua la kufanya.

Sasa tuje kwenye mbuzi, maana Krismasi ya Uchagani bila kuchinja haijakamilika. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa linalofanyika ni la siku nyingi na karibu hakuna anayeliona kuwa kosa. Mbuzi akishapasuliwa, wanaume wanagawana kazi: huyu anashughulikia kisusio, ile supu ya damu, huyu ndafu ya kuchoma, huyu utumbo. Ini au pafu likionekana na vifuko vyeupe vyenye maji, mtu anakata kile kipande na kumrushia mbwa aliyekuwa akisubiri pembeni. Anaona amemtendea wema. Vifuko vile huwa na vichanga vya tegu mdogo. Mbwa akivila vibichi, tegu hukua tumboni mwake, na baada ya wiki kadhaa mayai yake hutoka kwenye kinyesi, yakaingia kwenye majani, kwenye maji, kwenye manyoya ya mbwa na mwisho kwenye mikono ya watoto. Kwa binadamu, mayai hayo huanzisha vifuko kama vile vile kwenye ini au mapafu. Hukua polepole kwa miaka, na wengine huishia kwenye chumba cha upasuaji. Wafugaji wa upande wa Ngorongoro wameujua ugonjwa huo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo, nyama yenye vifuko iteketezwe kwa moto, au izikwe chini sana mahali ambapo mbwa hawezi kufukua. Kama mnataka mbwa ale mapupu, na anastahili kula, yachemsheni kwanza nusu saa nzima. Na kwa kuwa tumeshataja minyoo, dawa ya minyoo ya mbwa si ghali na inafaa kumpa kwa vipindi mwaka mzima. Mwachieni mama fedha yake kabla ya kuondoka.

Mifupa iliyopikwa nayo msimpe. Mfupa ukishachomwa au kuchemshwa hukauka na kupasuka vipande vyenye ncha, hasa wa kuku, na vipande hivyo hukwama kooni au hutoboa utumbo. Gunzi la mahindi na kokwa la parachichi havitoboi ila huziba, na mbwa wa migombani huokota vyote viwili. Zungushieni shimo la taka mpaka wageni waondoke.

Kwenye sufuria za sikukuu kuna vitu vingine vitamu kwetu ambavyo kwa mbwa ni sumu. Kitunguu na kitunguu saumu, kiwe kibichi kwenye kachumbari au kimeiva kwenye mchuzi, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na za paka zaidi. Zabibu kavu tunazoweka kwenye pilau na keki zinaweza kumharibu mbwa figo. Chokoleti husumbua moyo na mishipa ya fahamu, na kadiri ilivyo nyeusi ndivyo ilivyo mbaya. Donge la maandazi lenye hamira likimezwa bichi huendelea kuumuka tumboni. Na mbege, jamani! Ndizi mbivu, ulezi na gome la msesewe ni urithi wa wazee wetu na unywewe kwa heshima yake. Vijana wanaomwagia mbwa mbege kwenye sahani ili wamwone akiyumba, naomba waache. Mwili wake ni mdogo na hauwezi pombe: anatapika, anapoa mwili, anaweza kuzimia asiamke. Kama moyo wako unataka kumpa kitu cha sikukuu, mpe ugali wa dona na dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kiungo, juu yake vipande vya nyama isiyo na mafuta mengi. Atakula kwa furaha kuliko unavyodhani.

Paka ana shida zake, na kwa kuwa yeye hujificha tunadhani yuko sawa. Nyumba ikijaa, mtengeeni chumba kimoja au hata kona ya stoo, chakula na maji yake viwe huko, na watoto wakatazwe kumtoa kwa mkia. Zile nyuzi zinazong'aa za kupambia mti wa Krismasi anaziona kama mchezo, na akizimeza huweza kumkunja utumbo. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma yake, usiuvute. Mpeleke kwa daktari. Mayungiyungi yanayoletwa kutoka kanisani na harusini yasiingie kabisa nyumba yenye paka. Hata vumbi la ua lililomgusa manyoya, akijilamba, linatosha kumwua figo. Na asipewe vidonge vyetu vya maumivu. Kidonge kimoja cha parasetamo kinaweza kumwua paka.

Linalonisumbua kuliko yote ni usiku wa tarehe 31. Saa sita kengele za makanisa zinalia, watu wanapiga madebe na honi, na hapo fataki zinaanza, mjini kwanza, kisha zinajibiwa huku juu. Sisi tunajua ni furaha. Mbwa hana wa kumwambia. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, la mbwa hufika karibu 45,000, na hata mlio wa mbali tusiousikia sisi, yeye anaupata. Anachojua ni kwamba mbingu inapasuka na yeye amefungwa. Wapo wanaokata kamba na kukimbia hadi barabara kuu ya Himo au Arusha wakagongwa na magari, na wapo wanaojinyonga kwa mnyororo wakijaribu kuruka ua.

Basi siku hiyo atembezwe mchana mpaka achoke, ale mapema kabla giza halijaingia, kisha aingizwe ndani: chumba cha katikati ya nyumba, stoo, hata jikoni. Pazia lifungwe, redio iachwe ikiongea kwa sauti ya kawaida. Muwekeeni nguo iliyovaliwa na bibi. Harufu yake itamtuliza kuliko maneno. Akija kujibanza miguuni pako akitetemeka, mshike, mpapase. Wapo wanaosema ukimbembeleza unamzidishia woga. Si kweli, woga haufundishwi kwa kubembelezwa. Akipenda kujificha chini ya kitanda mwacheni huko, msimvute. Na mnaonunua fataki kwa ajili ya watoto, rusheni mbali na mabanda, zikiwa chache na kwa muda mfupi, baada ya kumwarifu jirani. Ng'ombe anayenyonyesha naye anashtuka.

Neno kwa mnaofunga nyumba mjini, iwe Njiro, Sakina, Soweto au Pasua, na kupanda mlimani wiki mbili. Ndoo ya maji na sufuria ya ugali wa siku nne si malezi. Kwa joto hili ugali unachacha kesho yake, na ndoo akiipiga teke amekwisha. Ongeeni na jirani au kijana wa mtaani anayeaminika, mlipeni vizuri, afike asubuhi na jioni, na muachieni namba ya daktari wa mifugo. Anayesafiri na mbwa kwenye gari asimwache ndani vioo vikiwa vimefungwa, hata kama anashuka dakika tano kununua ndizi Boma Ng'ombe.

Na Januari, wakati wa kurudi, huwa naona kitu kimoja kwenye stendi kinachonitia huzuni: mtoto wa mbwa ndani ya boksi, amepewa mjukuu kama zawadi, anasukumwa kwenye buti la basi pamoja na ndizi na magunia ya viazi. Kule chini hakuna hewa ya kutosha na joto ni kali. Mtoto wa mbwa asiyefikisha wiki nane hatengani na mama yake. Kama mmeamua kweli kumchukua, na nyumba mnayokwenda ina mahali na mtu wa kumtunza kwa miaka kumi au zaidi, rudini Pasaka, akiwa amekua na amechanjwa.

Asubuhi ya tarehe 1, ukikuta mbwa mgeni amejikunyata uani kwako, usichukue jiwe. Huenda ametembea usiku kucha kutoka kata nyingine. Usimshike kwa mikono. Msogezee maji kwa mbali na umpe muda. Kisha mwambie mzee wa kanisa atangaze kwenye matangazo ya ibada, na mpelekee habari mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa. Yupo bibi mahali fulani anamwita jina lake.

Heri ya Krismasi na baraka za mwaka mpya kwenu nyote, Wachagga, Wapare, Wameru, Waarusha na majirani wengine wote mnaosherehekea nasi. Mwendao Rombo, nisalimieni wazee.